Kiwanda cha umeme kilipokosa umeme



Baba mmoja wa Bukavu ametuandikia barua fupi yenye swali refu. Asema kwamba ardhi ikitikisika, na kwetu kando ya Ziwa Kivu hutikisika mara nyingi, taa huzimika na watu huanza kulaumu. "Nyumba yangu haikubomoka," aandika, "nguzo ya njiani ingali imesimama, na mashini za Ruzizi ziko pale pale penye maji yake. Basi, mbona hawawashi siku ile ile? Ni uvivu, ama kuna siri?"

Swali hili si la kuchekwa. Watu wazima kati yetu hawajasahau tarehe 3 Februari 2008. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wengi wakiwa Misani, ardhi ilipotetemeka Bukavu na ng'ambo ya Rwanda. Makumi ya watu walipoteza maisha, na upande wa Rwanda wengine walifia chini ya kuta za kanisa walimokuwa wakisali. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9. Likija lililo kubwa kuliko lile, kila mwenye mgonjwa hospitalini na kila mama mwenye mtoto mchanga atauliza swali la baba huyu, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Ili kumjibu, yatupasa kwenda mbali, hata Japani. Wenyeji wa nchi ile wamezoea matetemeko kama sisi tulivyozoea mvua ya alasiri, na yaliyowapata mwaka 2011 yaliandikwa saa kwa saa, hata dakika kwa dakika. Kwa hiyo twaweza kuona wazi jinsi umeme unavyokufa, na jinsi unavyofufuliwa.

Siku ile ilikuwa tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 alasiri. Tetemeko la kipimo cha 9.0 lilitokea chini ya bahari, mashariki ya Tohoku, ndiyo sehemu ya kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Honshu. Baada yake bahari iliinuka, ikaja nchi kavu kwa mawimbi yale ambayo Wajapani huyaita tsunami. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Usiku ule nyumba milioni 4.66 zilikuwa gizani katika eneo la kampuni ya umeme ya Tohoku, na nyingine zipatazo milioni 4 katika eneo la kampuni ya Tokyo. Theluji ilikuwa ikianguka.

Ardhi ilipotikisika, mashini nyingi zilijizima zenyewe. Hilo halikuwa kosa. Zimeundwa hivyo, ili turbini, yaani lile gurudumu zito la chuma lizungushwalo na mvuke, lisije likavunjika likiwa katika mwendo wa kasi. Kuzima ni kazi ya sekunde chache. Kuwasha ndiko kwenye siri aliyoiuliza baba yetu.

Watu wengi hudhani kwamba kiwanda cha umeme ni kama chemchemi, kwamba hutoa tu, wala hakihitaji kupewa. Sivyo hata kidogo. Kiwanda cha umeme nacho hula umeme. Chukueni kile cha makaa ya mawe. Kabla hakijatoa mwanga wa taa moja, lazima mashini za kusaga makaa zizunguke, pampu zisukume maji ndani ya birika kubwa, mapepeo yapulize hewa motoni, na mafuta yapitishwe kwenye mhimili wa turbini usije ukasagika. Hayo yote huendeshwa kwa umeme. Siku za kawaida kiwanda hujilisha chenyewe, au hulishwa na jirani yake kwa njia ya waya. Viwanda vikizimika vyote pamoja, kila kimoja hukingojea kingine.

Ni kama mama aliyeamka alfajiri akakuta moto wa jikoni umekufa. Ana kuni, ana chungu, ana maji, lakini hana kaa la moto. Amtuma mtoto kwa jirani na kigae mkononi, na kumbe kwa jirani nako ni majivu matupu. Kijiji kizima kikiwa hivyo, hapana njia ila kumtafuta yule mmoja ambaye angali na kaa lililofunikwa na majivu, na kutoka kwake moto utarudi nyumba kwa nyumba. Mafundi wa umeme hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi mwenye kaa huwa ni kiwanda cha maji, kwa kuwa penye maporomoko betri au jenereta ndogo ya dizeli yatosha kufungulia mlango wa maji, na uzito wa maji hufanya kazi iliyobaki. Baba wa Bukavu, ambaye taa yake imelishwa na mto Ruzizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yu karibu na kaa la moto kuliko ajuavyo. Watu wa Tohoku hawakuwa na bahati hiyo mahali pote.

Tena kuna viwanda vya namna nyingine, ambavyo kukosa kaa la moto kwao si giza tu. Kiwanda cha makaa ya mawe kikinyimwa umeme, hupoa. Kinu cha nguvu ya atomi hakipoi. Hata kikisha kuzimwa, joto hubaki ndani yake, mwanzoni kiasi cha sehemu sita au saba katika mia, halafu lapungua polepole kwa siku na majuma. Ni chungu kilichoepuliwa mekoni nacho bado chachemka. Lazima kimiminiwe maji mchana na usiku, na maji hayo husukumwa na pampu, na pampu yataka umeme.

Pwani ya Fukushima palikuwa na viwanda viwili vya namna hiyo, vyote mali ya kampuni ya Tokyo. Kimoja huitwa Daiichi, maana yake cha kwanza, na kingine Daini, maana yake cha pili. Umbali kati yao ni kama kilomita 12. Vilipatwa na tetemeko lile lile na bahari ile ile. Mwisho wao haukuwa mmoja.

Daiichi ilikuwa na vinu sita, na siku ile vitatu vilikuwa vikifanya kazi. Tetemeko lilikata nyaya zote zilizoleta umeme kutoka nje. Mnara mmoja wa chuma uliangushwa na udongo ulioporomoka. Jenereta za dizeli ziliamka zenyewe, kama zilivyoundwa, na kwa muda usiotimia saa moja mambo yalikwenda vema. Kisha maji yalikuja. Kiwanja cha vinu vinne vya kwanza kilikuwa mita 10 juu ya bahari, na wimbi lilipita juu yake kwa mita kadhaa. Vijana wawili wa kazi walifia chini ya jengo la mashini, walikokuwa wametumwa kukagua.

Kati ya jenereta 13, ni moja tu iliyoendelea kufaa. Nyingine mbili hazikuharibiwa na maji, lakini makabati ya kugawia umeme wake yalikuwa yamewekwa chini kabisa ya jengo, nayo yalizama. Hapo tungependa msomaji asimame kidogo. Mashini ni nzima, mafuta ni tele, na giza ni lile lile, kwa sababu ya kabati lililowekwa mahali pabaya siku ya kujenga! Ile iliyosalia ilikuwa ya kinu cha sita. Ilisimama mahali palipoinuka zaidi, nayo ilipozwa kwa hewa, si kwa maji ya bahari. Ililisha kinu cha tano na cha sita, na vyote viwili vilipona.

Kwa vile vingine watu walitembea kwa tochi. Walikusanya betri za magari, wakaziunga moja kwa moja ili wapate kusoma vipimo. Magari yenye jenereta yaliitwa kutoka mbali, lakini barabara zilikuwa zimepasuka na kujaa watu waliokimbia. Yalipofika, ilibidi kuvuta kwa mikono kebo ya mita 200 yenye uzito kupita tani moja, katikati ya vifusi, na kila ardhi ilipotikisika tena waliiacha wakapanda mlimani. Alasiri ya tarehe 12 Machi kebo ilikuwa tayari. Dakika chache baadaye, saa tisa na dakika 36, jengo la kinu cha kwanza lililipuka, na vipande vilivyoruka viliiharibu kebo ile. Kazi ya usiku mzima na mchana mzima ilipotea. Vinu vitatu viliyeyuka ndani. Taa za chumba cha usukani cha kinu cha tatu ziliwaka tarehe 22 Machi, siku ya kumi na moja. Watu zaidi ya 150,000 walikwisha kuhama au walikuwa njiani kuhama.

Sasa twende Daini. Huko nako bahari iliingia, ikaharibu pampu za ufukoni, na vinu vitatu kati ya vinne vikakosa njia ya kutoa joto lake. Ila kulikuwa na tofauti moja. Kati ya njia nne za waya zilizoleta umeme kutoka nje, moja ilibaki. Moja tu! Kaa la moto lilikuwapo, lakini lilikuwa katika jengo la mbali, na pampu zilizohitaji kulishwa zilikuwa ufukoni. Mkuu wa kiwanda, Naohiro Masuda, alipiga hesabu na wenzake. Palihitajika kilomita tisa za kebo.

Kabla ya hapo alihitaji watu wa kwenda nje usiku kukagua uharibifu, na wimbi jingine lingeweza kuja wakati wowote. Hakupiga kelele, wala hakuwaambia kwamba hakuna hatari. Alichukua kalamu, akaandika ubaoni saa na ukubwa wa kila tetemeko lililofuata, ili waone wenyewe kwamba yalikuwa yakipungua. Ndipo alipowaomba waende, nao walikwenda. Wengi wao hawakujua kama wake na watoto wao walikuwa hai, na nyumba za baadhi yao zilikuwa zimechukuliwa na maji.

Watu wapatao 200 waliibeba kebo ile. Kila kipande kilikuwa cha mita 200, uzito wake karibu tani moja. Kwa desturi kazi ya namna hiyo hufanywa kwa mashini na huchukua majuma mengi. Wao waliifanya kwa mabega, wamepangana kama siafu, kwa muda wa siku mbili hivi. Injini za pampu zililetwa kutoka mbali, nyingine kwa ndege, nyingine kwa malori. Katikati ya kazi mkuu alibadili shauri. Walikuwa wameanza na kinu cha pili, lakini kinu cha kwanza kilionekana kupanda joto upesi zaidi, basi aliwaambia wageuze. Katika jeshi amri ya namna hiyo huleta manung'uniko, na hapa watu walikuwa hawajalala. Waligeuza. Karibu na usiku wa manane kuamkia tarehe 14 Machi kebo ya mwisho iliungwa, na inasemekana zilibaki saa mbili hivi tu kabla ya kufikia kipimo cha hatari. Asubuhi ya tarehe 15 vinu vyote vinne vilikuwa vimepoa. Mtu mmoja alikufa Daini, fundi wa winchi, aliyenaswa tetemeko lilipopiga.

Wasomaji wetu waliopata kubeba mtumbwi mpya kutoka msituni mpaka ziwani watajua kazi ya Daini ilikuwaje. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini tusijidanganye kwamba vidole tu vilitosha. Watu wa Daiichi nao walikuwa hodari, nao walivuta kebo kwa mikono, tena palipokuwa na hatari kubwa zaidi. Walichokikosa ni ule waya mmoja.

Kaskazini zaidi, huko Onagawa, kampuni ya Tohoku ilikuwa na kiwanda cha tatu, nacho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na mahali tetemeko lilipoanzia. Huko nako, kati ya njia tano za waya, moja ilibaki. Wimbi la mita 13 lilikuja, nalo lilikuta kiwanja kilichoinuliwa mita 14.8. Kiliinuliwa hivyo kwa sababu mhandisi mmoja wa kampuni, Yanosuke Hirai, mtu wa nchi ile ile ambaye alijua habari za mawimbi ya kale, alishikilia neno lake wakati wa kupanga ujenzi. Alifariki mwaka 1986, miaka 25 kabla ya wimbi lenyewe. Wanakijiji zaidi ya 300 waliopoteza nyumba walikimbilia ndani ya kiwanda hicho, wakakaa humo na wazee na watoto wao.

Hayo ni mambo ya viwanda. Turudi sasa kwa waya upitao mbele ya mlango wa baba aliyetuandikia.

Umeme haulimbikizwi ghalani kama mahindi, isipokuwa kidogo sana. Unaotengenezwa na unaotumiwa lazima ulingane kila sekunde. Mafundi wakiufungulia mji mzima kwa mara moja, huku kila nyumba imeacha taa, pasi na majiko yake wazi, mashini yalemewa, mwendo wake wapungua, nayo yajizima. Giza la pili huwa baya kuliko la kwanza. Kwa hiyo huanza na nyaya kubwa za minara, kisha vituo vya kupozea umeme, kisha hospitali na pampu za maji, na mwishowe mitaa, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kila mtaa, mtu hana budi kupita kwa miguu, akaangalia nguzo, transfoma na nyaya zilizoanguka. Kampuni ya Tohoku ilirudisha umeme kwa nyumba 80 katika kila mia kwa muda wa siku tatu, na kwa nyumba 94 katika kila mia kwa siku nane. Wachache waliobaki walingoja mpaka tarehe 18 Juni. Na pale ambapo kijiji chote kilifagiliwa, hapakuwa na mlango wa kupelekea waya.

Katika kungojea huko kuna jambo ambalo akina mama na akina baba wapaswa kulishika sana. Tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe, huko huko Japani, ulipigwa na tetemeko, na nyumba kama milioni 2.6 zilikosa umeme. Ulirudishwa katika siku saba hivi. Lakini watu walikuwa wamekimbia na kuacha majiko yao ya umeme wazi, mengine yameangukiwa na nguo na magodoro, na nyaya nyingine zimechunwa ndani ya kuta zilizopasuka. Umeme uliporudi, moto uliwaka katika nyumba zisizo na mtu. Kati ya mioto ambayo chanzo chake kilijulikana, zaidi ya nusu ilitokana na umeme. Basi, ardhi ikitikisika, nanyi mkitoka salama, zimeni swichi kuu kama mwaweza kuifikia bila hatari, na chomoeni pasi na jiko. Waya ulioanguka njiani msiuguse, hata kama mtaa wote ni giza, maana yule awashaye kituoni hawaoni watoto wenu. Tena umeme ukirudi huku mwanusia gesi, au maji yamejaa ukutani, mngojeeni fundi. Mwenye kuuliza kwa nini umeme wachelewa na ayakumbuke haya pia. Wakati mwingine anayeuchelewesha anailinda nyumba yake.

Upande wa Tokyo matatizo yalikuwa ya namna nyingine. Nyaya zilirudi upesi, kabla ya juma moja na nusu kupita, lakini viwanda havikurudi. Tarehe 14 Machi kampuni ilikadiria kwamba watu wangehitaji kilowati milioni 41, nayo ilikuwa na milioni 31 tu. Mtu wa kwetu atauliza: Mbona sehemu ya magharibi ya Japani, ambayo haikuguswa na tetemeko, haikuwasaidia? Jibu lake lina miaka zaidi ya mia moja. Karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa, mji wa Tokyo ulinunua mashini za Wajerumani, ambazo umeme wake hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mji wa Osaka ulinunua za Waamerika, ambazo hugeuka mara 60. Kila mmoja aliona chake chafaa. Toka hapo nchi moja ina umeme wa namna mbili, na mwaka 2011 vituo vya kugeuza mmoja kuwa mwingine viliweza kupitisha kama kilowati milioni moja tu. Ni mlango wa sindano kwa mzigo wa ngamia. Mwaka 2021 mlango huo ulipanuliwa ukafika kilowati milioni 2.1.

Kwa hiyo watu walikatiwa umeme kwa zamu. Mitaa iligawanywa katika makundi matano, na kila kundi lilikaa gizani muda wa saa tatu hivi, toka tarehe 14 hadi tarehe 28 Machi. Wenye subira walisifiwa sana katika magazeti ya dunia. Sisi twaongeza jambo lisilosifiwa mno, kwamba sehemu kubwa ya katikati ya mji mkuu haikutiwa katika zamu.

Wakati huo mafundi walikuwa wakivifufua viwanda vya mafuta, gesi na makaa. Chumvi ya bahari ndiyo ilikuwa adui mkubwa. Injini iliyolowa maji chumvi haiwashwi ikikauka, maana itaungua. Hufunguliwa, huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa kwa joto, hupimwa, ndipo hurudishwa mahali pake. Zidisheni kazi hiyo mara mia nyingi. Kashima na Hitachinaka zilirudi kufikia mwezi wa Mei, na Hirono mwezi wa Juni na Julai. Haramachi, kiwanda cha makaa cha Tohoku kilichopigwa na maji ya mita 18, kilirudi mwaka 2013. Shirika la umeme la Thailand, nchi isiyo tajiri kama Japani, liliwaazima mashini mbili kubwa za gesi zilizokuwa zimesimama kwake.

Kiangazi kilipofika, serikali iliamuru watumiaji wakubwa wapunguze sehemu 15 katika mia. Viwanda vya magari vilikubaliana kupumzika Alhamisi na Ijumaa, na kufanya kazi Jumamosi na Jumapili, ili kupunguza uzito wa siku za katikati ya juma. Kwa miezi mitatu baba alikuwa nyumbani siku ambazo watoto wako shuleni, na siku ambazo watoto wako nyumbani yeye yuko kazini. Hesabu ya kilowati haiandiki mambo hayo, lakini jamaa zinayajua.

Limebaki neno moja, ambalo baba wa Bukavu hakuliuliza, nasi hatuwezi kuliacha. Tumesema kwamba Daiichi na Daini zilikuwa mali ya kampuni ya Tokyo. Umeme wake ulikwenda Tokyo, kwa minara mikubwa iliyopita juu ya mashamba ya watu wa Fukushima. Watu hao wenyewe hawakuwashia taa zao umeme ule. Walinunua wao kutoka kampuni ya Tohoku. Walipata kazi katika viwanda vile, na miji yao ilipata kodi, hilo ni kweli, na wengi walivipokea kwa furaha. Lakini siku ya msiba, waliohama na kuacha ng'ombe zizini ni wale ambao taa zao hazikuwashwa na vinu vile.

Je, twawahukumu Wajapani? Kwanza tutazame kwetu. Tangu mwaka 1982 kuna waya utokao Inga, karibu na mdomo wa mto mkubwa, hadi Kolwezi katika Katanga, urefu wa kilomita kama 1,700. Ulijengwa kwa ajili ya migodi. Wapita juu ya vijiji ambavyo watoto wake husoma kwa kibatari. Mafundi watasema, nao hawasemi uongo, kwamba umeme wa waya ule ni wa namna ya pekee, uendao upande mmoja bila kugeukageuka, na kwamba kuuteremsha njiani kwahitaji kituo cha fedha nyingi sana. Hiyo ndiyo sababu ya fundi. Ila kabla ya fundi kuchora mnara wa kwanza, mtu fulani alikwisha kuamua taa ya nani iwake.

Daini haikutengeneza umeme tena. Vinu vile vinne, vilivyookolewa kwa mabega ya watu 200, vilipoa salama, na mnamo Julai 2019 kampuni iliamua kuvibomoa vyote. Futaba, mji ulio kando ya Daiichi, ulikaa bila wenyeji miaka 11. Tarehe 30 Agosti 2022 sehemu yake ilifunguliwa, na watu wachache wakarudi kukaa. Waya uingiao nyumbani mwao ni wa kampuni ya Tohoku, kama zamani.